Vincent du Vigneaud: Aliifuata salfa hadi chumba cha uzazi

Kila siku, katika hospitali na zahanati za Afrika Mashariki, akina mama waliojifungua hudungwa sindano ya oksitosini ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isivuje kupita kiasi. Ni wachache wanaofahamu kwamba dawa hiyo ni tunda la kazi ya Vincent du Vigneaud, mwanakemia wa Kimarekani aliyetumia maisha yake kufuatilia elementi moja: salfa.

Alizaliwa mjini Chicago tarehe 18 Mei 1901. Alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Illinois, huku akifanya vibarua ili kujikimu. Huko alimsikia mwalimu wake, William Rose, akieleza habari za insulini, dawa mpya ya kisukari iliyogunduliwa Toronto, Kanada. Insulini ina salfa, na kijana huyo alitaka kujua imejificha wapi. Katika utafiti uliompatia shahada ya uzamivu mwaka 1927 huko Rochester, alionyesha kuwa imo katika sistini, yaani asidi amino mbili za sisteini zilizoshikamana kwa salfa zao.

Baadaye aligeukia methionini, asidi amino nyingine yenye salfa. Mwili wa binadamu hauwezi kuiunda. Ni lazima itoke katika chakula. Kwa kuwachunguza panya wa maabara, yeye na wenzake walibainisha kuwa mwili huchukua salfa ya methionini na kuitumia kutengeneza sisteini. Protini ya maharage ina uhaba wa methionini, na ya mahindi ina uhaba wa lisini. Ndiyo maana katika makande kila moja huziba pengo la mwenzake.

Tangu mwaka 1938 alifundisha katika Chuo cha Tiba cha Cornell, New York. Wakati huo oksitosini ilikamuliwa kutoka tezi ndogo zilizo chini ya ubongo wa wanyama waliochinjwa. Du Vigneaud aligundua kwamba ni mnyororo mfupi wa asidi amino 9, na kwamba salfa za sisteini mbili ndizo zinazoukunja uwe pete. Mwaka 1953 aliiunda upya maabara, na ilipojaribiwa kwa akina mama waliokuwa na uchungu wa uzazi, ilifanya kazi sawa na ile ya asili. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwa homoni ya aina hiyo kuundwa na binadamu. Mwaka 1955 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mwaka 1974 alipatwa na kiharusi kilichokatiza kazi yake, na akafariki dunia tarehe 11 Disemba 1978.

Hata hivyo, akina mama wengi barani Afrika bado hufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua. Oksitosini huharibika kwa joto na huhitaji jokofu. Pale umeme unapokatika, kazi ya miaka mingi ya du Vigneaud huweza kupotea ndani ya kichupa kimoja.