Audrey Hepburn: mcheza bale aliyezaliwa Ixelles

Katika mtaa wa Keyenveld, Ixelles, mjini Brussels, si mbali na Matonge wanakokutana Wakongo wa Ubelgiji, kipo kibao ukutani kinachowaarifu wapita njia kwamba Audrey Hepburn alizaliwa hapo tarehe 4 Mei 1929.

Ulimwengu unamkumbuka kama mwigizaji wa filamu. Yeye mwenyewe alitaka kucheza bale.

Baba yake aliihama familia mwaka 1935, na binti akasomeshwa katika jimbo la Kent, Uingereza. Huko ndiko alikoanza bale, ikiwa ni burudani tu ya mtoto mpweke. Vita vilipozuka mwaka 1939, mama yake Mholanzi alimhamishia Arnhem, akiamini kuwa Uholanzi, isiyofungamana na upande wowote, ingesalimika. Wajerumani waliivamia Mei 1940.

Chini ya uvamizi huo, burudani iligeuka kazi. Mwalimu wake alikuwa Winja Marova. Mwanafunzi wa bale hushika fito iliyo ukutani, akakunja magoti na kunyoosha mguu, akarudia tena na tena, siku nenda siku rudi, mpaka mwili ukumbuke bila kuamrishwa. Mtazamaji ukumbini haoni chochote katika jasho hilo, na pengine ndiyo maana huidhania kazi hiyo kuwa nyepesi.

Binti huyo alicheza pia katika maonyesho ya siri ya kuwachangia fedha wapinzani wa Wajerumani. Madirisha yalifunikwa, na watazamaji hawakupiga makofi, wasije wakasikika nje.

Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, iliyoua Waholanzi wapatao 20,000. Audrey alidhoofu hata akashindwa kucheza.

Baada ya vita alirejea mazoezini, kwanza Amsterdam kwa Sonia Gaskell, halafu London mwaka 1948 kwa Marie Rambert. Ni Rambert aliyemweleza ukweli mchungu: kwa urefu wake, na kwa mwili uliokosa lishe ukiwa bado unakua, asingefikia daraja la juu kabisa.

Alijiunga na makundi ya wachezaji katika kumbi za muziki, na kutoka hapo akaingia katika uigizaji. Filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953 ilimpatia tuzo ya Oscar. Hata hivyo, mazoezi ya Arnhem hayakupotea. Katika Funny Face, mwaka 1957, alicheza dansi sambamba na Fred Astaire, gwiji wa fani hiyo, wala hakuachwa nyuma.

Uzeeni alilitumikia shirika la UNICEF. Mwaka 1988 alikwenda Ethiopia, na Septemba 1992 Somalia, akawaona watoto waliokondeana kwa njaa, hali aliyoijua mwenyewe tangu ujana.

Alifariki dunia nchini Uswisi tarehe 20 Januari 1993, miezi minne baada ya safari hiyo ya Somalia, akiwa na umri wa miaka 63.