KARANI WA MELI NA UONGO WA MFALME

Uongo wa mtu mmoja huumiza nyumba moja. Uongo uliopangwa na serikali, ukalipiwa fedha na kupigwa chapa magazetini, huweza kuangamiza nchi nzima. Kwa hiyo yatupasa wafanyakazi kuyajua maisha ya Edmund Dene Morel, kwani yaonyesha jinsi uongo wa namna hiyo unavyovunjwa, na jinsi unavyoweza kumnasa hata yule aliyewahi kuuvunja.

Morel alizaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa na mama Mwingereza. Baba alifariki mtoto angali mdogo. Mwaka 1891 kijana huyo aliajiriwa ukarani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool, kampuni iliyochukua shehena baina ya Antwerp, bandari ya Ubelgiji, na Boma katika Kongo. Kwa kuwa alikijua Kifaransa, alitumwa Antwerp mara kwa mara kuangalia hesabu.

Wakati huo Kongo ilikuwa milki ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, aliyetambuliwa na dola kubwa mwaka 1885. Hakupata kuikanyaga nchi ile, lakini aliuaminisha ulimwengu kwamba shabaha yake ni kukomesha biashara ya watumwa na kueneza ustaarabu. Mwaka 1890 George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alikwenda Kongo akamwandikia Mfalme barua ya wazi ya kumshitaki. Magazeti ya Ubelgiji yalimchafulia jina, naye akafa mwaka uliofuata.

Morel hakuwa amefika Kongo. Alichokuwa nacho ni vitabu vya hesabu. Humo aliona kwamba meli zilirudi na mpira na pembe za ndovu za thamani kubwa kuliko ile iliyotangazwa. Na zilipokwenda, zilichukua kwa wingi askari, bunduki na risasi, wala si bidhaa za kutosha kuwalipa wenyeji. Basi mpira ule ulinunuliwa kwa nini? Haukununuliwa. Ulitolewa kwa shokoa, kwa mjeledi na kwa mtutu wa bunduki. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ndilo lililofichua habari ya mali iliyoporwa.

Alipowaeleza wakubwa wake, walijaribu kumnyamazisha kwa ahadi ya malipo makubwa zaidi. Akakataa, na mwaka 1901 akaacha kazi. Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake, West African Mail. Na mwaka 1904, baada ya taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyezunguka Kongo, kikaundwa chama cha kudai mageuzi ya Kongo. Mfalme naye akafungua ofisi ya siri ya kuwalipa waandishi wamsifu. Silaha ya Morel ilikuwa tarakimu, hati, picha zilizopigwa na wamisionari, na ushahidi wa walioona kwa macho. Tume iliyoteuliwa na Mfalme mwenyewe ilithibitisha maovu hayo mwaka 1905, na mwaka 1908 akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Ukoloni uliendelea hadi mwaka 1960, lakini uongo ule ulikuwa umeanguka.

Lau maisha yake yangekoma hapo, tungemsifu tukanyamaza. Lakini mwaka 1920, Ufaransa ilipoweka askari wa Kiafrika katika Ujerumani kando ya mto Rhine, Morel aliandika katika Daily Herald, gazeti la wafanyakazi wa Uingereza, kwamba askari hao ni hatari kwa wanawake kwa sababu ya rangi yao. Safari hii hakuwa na daftari mkononi, bali uvumi na dharau. Mwaka huo huo Jenerali Henry Allen wa Marekani alichunguza, akaona kwamba tuhuma za maovu ya jumla hazikuwa kweli. Mshairi Claude McKay wa Jamaika alilipelekea Daily Herald jibu lake, likakataa kulichapa. Likachapwa katika Workers' Dreadnought, gazeti la Sylvia Pankhurst.

Wengi walimsadiki Morel kwa kuwa alikuwa shujaa wa Kongo. Mwaka 1922 alimshinda Winston Churchill katika uchaguzi wa Dundee, na mwaka 1924 akafa. Uzushi wake haukuzikwa naye. Wanazi waliuendeleza, na mwaka 1937 serikali yao iliwaondolea uzazi kwa nguvu mamia ya watoto waliozaliwa na askari wale.

Ndugu wafanyakazi, ngome ya umma dhidi ya uzushi si shujaa mmoja, hata awe na sifa namna gani. Ngome ni karani asomaye hati kabla ya kutia sahihi, mpagazi ahesabuye mizigo gatini, na gazeti lisiloogopa kuchapa jibu la aliyesingiziwa. Tupime neno lenyewe, tusipime jina la msemaji. Na anayetuletea habari ya kutuchukiza watu wengine, tumwombe kwanza atuonyeshe daftari.