Richard Martin, mbunge aliyempeleka punda mahakamani

Katika miteremko ya Kiyovu, jijini Kigali, mizigo hupandishwa kwa magari, pikipiki na baiskeli. Ni nadra kumwona punda wa kazi. London ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa tofauti. Farasi na punda ndio waliobeba mizigo ya mji, na mwenye mnyama alimpiga atakavyo, kwa kuwa mbele ya sheria mnyama alikuwa mali yake tu.

Aliyeutikisa uhuru huo ni Richard Martin, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1754, mbunge wa Galway. Hakuwa mtu mpole: ujanani alifahamika kwa kupigana na mahasimu wake kwa bastola na upanga.

Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria aliyoipigania, iliyokataza kuwatesa farasi, nyumbu, punda, ng'ombe na kondoo. Lenye uzito zaidi ni nani aliyekabidhiwa mamlaka. Hakuwa waziri, bali hakimu wa eneo. Raia yeyote aliweza kulalamika mbele yake kwa kiapo, naye akamtoza mkosaji faini ya kati ya shilingi 10 na pauni 5. Asiyelipa alifungwa hadi miezi 3.

Hata hivyo, hakimu hakuwa na watu wa kuzunguka masokoni. Martin akajifanya mlalamikaji mwenyewe. Inasimuliwa kwamba katika kesi ya mchuuzi Bill Burns alimwingiza punda mwenye majeraha mahakamani, ili majeraha yaonekane kwa macho. Alikejeliwa sana. Na bado, mshtakiwa alipokuwa fukara, alipata kumsaidia kulipa faini. Kisa chake kilikuwa na fimbo, si na umaskini.

Mwaka 1824 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilichoajiri wakaguzi wa kufuatilia soko la mifugo la Smithfield. Fikra hiyo ilisafiri mbali: sheria ya Kenya ya kuwalinda wanyama nayo inakataza kumpiga mnyama kikatili au kumbebesha kupita kiasi.

Sheria ya 1822 ilikuwa na tundu. Mahakama ziliamua kwamba fahali hakutajwa ndani yake, hivyo mchezo wa kumrushia fahali mbwa ukaendelea.

Martin alipoteza kiti chake mwaka 1827, akakimbilia Boulogne, Ufaransa, akiwahofia wadai. Alifariki huko Januari 1834. Mwaka uliofuata, Bunge likamwingiza fahali katika sheria.