Kilaza Aliyeuchora Ubongo

Wasomi wenzangu, hasa sisi wa ualimu, kabla hatujaenda TP naomba tumkumbuke Santiago Ramón y Cajal.

Alizaliwa mwaka 1852 Petilla de Aragón, Hispania. Baba yake alikuwa daktari, mkali kwelikweli, akitaka mwanawe afuate nyayo zake. Dogo yeye alitaka kuchora tu. Shuleni alionekana kilaza, tena mtukutu: akiwa na miaka 11 alitengeneza mzinga, akavunja geti la jirani, akawekwa ndani. Baba akampeleka kujifunza unyozi, kisha ushonaji viatu. Kilichomrudisha ni mifupa. Baba alipoanza kumfundisha anatomia, ule mkono wa kuchora ukapata kazi.

Akawa daktari, akaenda Cuba na jeshi, akaugua malaria. Mwaka 1887 aliiona mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi ya kutia seli rangi kwa madini ya fedha. Akaiboresha, akainamia hadubini, akachora. Enzi hizo wengi, Golgi akiwemo, waliamini ubongo ni wavu mmoja. Mwaka 1888, akichunguza serebela ya ndege, yaani sehemu inayoratibu mwendo, Cajal aliona seli zimekaribiana lakini kila moja inajitegemea. Mwaka 1906 wawili hao waligawana tuzo ya Nobel, na Golgi bado alibisha.

Cajal hakuishia hapo. Alisema mazoezi huimarisha njia kati ya seli, akatoa mfano wa mpiga piano: ustadi wake umejengwa kichwani kwa miaka ya kurudia. Alifariki Madrid mwaka 1934 bila kuona inavyofanyika. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley wakaeleza jinsi ayoni za sodiamu na potasiamu zinavyopita kwenye ukuta wa neva na kuzaa umeme. Leo tunajua ukuta huo una vijilango. Ukirudia kitendo, vinafunguka tena na tena, kalsiamu inaingia, na miunganiko mingine inakazwa, mingine inalegezwa. Ndiyo maana anayejifunza baiskeli huanguka weee, halafu siku moja anaendesha bila hata kufikiri.

Basi huko TP utamkuta mtoto ambaye kalamu inamshinda mkononi. Usimwite kilaza. Mpe zoezi, kesho mpe tena. Vijilango vyake vinafanya kazi, hata kama daftari bado halijaonyesha.