Raoul Diagne: Beki wa Nyumba Mbili

Katika historia ya kandanda ya Ufaransa, jina la Raoul Diagne lina nafasi ya pekee. Ndiye mchezaji wa kwanza mweusi kuivalia timu ya taifa hilo. Hata hivyo, aghalabu hutajwa kwa jambo hilo moja tu, ilhali maisha yake yalibeba swali zito zaidi: je, mtu aweza kuzitumikia nchi mbili, moja ikiwa mtawala na nyingine mtawaliwa, bila kuisaliti yoyote?

Diagne alizaliwa mnamo Novemba 1910 huko Saint-Laurent-du-Maroni, mji wa gereza kuu katika Guyana ya Wafaransa. Babaye, Blaise Diagne, mzawa wa kisiwa cha Gorée nchini Senegali, alikuwa afisa wa forodha. Mamaye alikuwa Mfaransa. Mwaka wa 1914 babaye alichaguliwa kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza katika bunge la Ufaransa. Mwaka wa 1918 aliongoza kampeni ya kuwaandikisha Waafrika jeshini, na zaidi ya watu 60,000 wakapatikana. Wapo waliomsifu kwa kuwatetea watu wake, na wapo waliomwona kuwa chombo cha mkoloni. Kijana Raoul alikulia chini ya kivuli hicho.

Mnamo 1930 alijiunga na klabu ya Racing jijini Paris. Februari 1931, majuma machache tu baada ya babaye kuingia serikalini kama naibu wa waziri wa makoloni, Raoul aliichezea Ufaransa dhidi ya Chekoslovakia. Mwezi wa Mei mwaka uo huo, maonyesho makubwa ya makoloni yalifunguliwa Vincennes, na watu waliotoka Afrika na Asia wakawa kivutio cha watazamaji. Wakati umma ukimtazama Mwafrika kama kioja, kijana huyu alitazamwa kama mwakilishi wa taifa.

Alikuwa mrefu, mwenye miguu ya kufika mbali, na aliweza kucheza kama beki au kiungo. Ilipobidi, alisimama hata langoni. Soka ya kulipwa iliporuhusiwa nchini humo mwaka wa 1932, aliendelea na Racing akiwa mchezaji wa malipo. Mwaka wa 1936 klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Ufaransa kwa pamoja, kisha ikalinyakua kombe hilo tena mwaka wa 1939 na 1940. Katika Kombe la Dunia la 1938 lililoandaliwa nchini Ufaransa, Diagne alikuwamo kikosini wenyeji walipoishinda Ubelgiji 3-1 na kuondolewa na Italia kwa mabao yayo hayo. Alistaafu timu ya taifa mwaka wa 1940 akiwa amecheza mechi 18. Wakati wa vita alihamia Toulouse, na baadaye Annecy.

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Diagne hakuiacha. Senegali ilipojipatia uhuru mwaka wa 1960, alikuwa miongoni mwa wakufunzi wa mwanzo wa timu yake ya taifa. Mwezi wa Aprili 1963, katika Michezo ya Urafiki jijini Dakar, vijana wake waliishinda timu ya wachezaji wa ridhaa wa Ufaransa, kisha wakatwaa nishani ya dhahabu. Aliyewahi kuulinda ukuta wa Ufaransa ndiye sasa aliyewafunza wengine kuubomoa.

Majaliwa yalimwekea tukio jingine. Tarehe 31 Mei 2002, jijini Seoul, Senegali iliishinda Ufaransa, bingwa mtetezi, 1-0 katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia. Wengi wa wachezaji wa Senegali walikuwa wakisakata gozi katika klabu za Ufaransa, nao baadhi ya Wafaransa walikuwa na asili ya Afrika. Mipaka ambayo Diagne aliivuka akiwa peke yake ilikuwa sasa inavukwa na kikosi kizima. Mzee huyo aliaga dunia Novemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 92.

Babaye alilijibu swali la nyumba mbili kwa kuwapeleka Waafrika kuipigania Ufaransa. Mwana alilijibu kwa kuirejesha Afrika stadi alizozipata Ufaransa. Majibu haya hayalingani, na huenda ndiyo sababu la mwana halikuacha uchungu.