Mhunzi wa Hamamatsu

Anayekwenda Namawala kutoka Ifakara wakati wa masika hana haja ya kuelezwa thamani ya pikipiki. Maji ya Kilombero yanapoingia katika mashamba ya mpunga, gari hukwama. Pikipiki hupita, ikisukumwa hapa na kupandwa pale, imebeba gunia, mgonjwa au dawa. Wasomaji wetu wa visiwani, wenye njia fupi na mchanga mwingi, nao wanaijua. Lakini habari za marehemu Soichiro Honda, aliyefariki tarehe 5 Agosti 1991, wachache wanazo.

Alizaliwa mwaka 1906 kijijini, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake alikuwa mhunzi, akitengeneza na baiskeli. Mwaka 1922 kijana akaenda Tokyo kuwa mwanagenzi wa gereji, na kazi aliyopewa kwanza ilikuwa kumlea mtoto wa tajiri wake. Baadaye alipoanza kutengeneza ringi za pistoni, nyingi zikakataliwa kwa ubovu. Akaingia chuo cha ufundi, mtu mzima mwenye kazi yake, akasikiliza masomo aliyoyahitaji, mitihani asifanye. Cheti hakupata, ringi zikapata kuwa nzuri.

Mwaka 1946, nchi yake ikiwa magofu ya vita, alichukua mitambo midogo iliyokuwa ikizalisha umeme wa redio za jeshi, akaifunga kwenye baiskeli. Miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni. Mwaka 1958 ikatoka Super Cub, injini ya cc 50 yenye mipigo minne. Haikuwa na klachi ya mkono, ili mchukuzi wa chakula aendeshe huku ameshika sinia. Katikati iliinama, apande hata aliyevaa nguo ndefu, na mbele ilikuwa na ngao ya kuzuia tope. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Mwaka 1976 kampuni hiyo ilitoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wamezunguka Asia, wakaona watu hawabadilishi oili na wanapakia kupita kiasi. Hawakuwakaripia. Walibadili injini, wakarudia mfumo wa zamani wa fito za kusukuma vali, unaovumilia uzembe. Bodaboda nyingi za Kichina tunazozipanda zina injini iliyoigwa kutoka hiyo. Wakubwa wetu wanaopeleka kijijini pampu au trekta lisilofaa, kisha wakamlaumu mkulima kwa kuliharibu, na wayatafakari hayo.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kung'atuka, mwaka 1973, bila kumrithisha mwanawe kiti. Akazunguka Japani nzima kuwashukuru wafanyakazi kwa kuwapa mkono. Inasimuliwa kwamba mmoja, mikono yake ikiwa imejaa oili, alitaka kwenda kunawa kwanza. Mzee akamzuia, akaushika mkono ule vile vile ulivyo.