Zhou Enlai, aliyefungua mlango kati ya China na Marekani

Biashara kubwa kwa upande mmoja, shaka ya kiusalama kwa upande mwingine: sura hii ya uhusiano wa China na Marekani ilianza kuchorwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Miongoni mwa waliouasisi uhusiano huo ni Zhou Enlai, Waziri Mkuu wa kwanza wa Jamhuri ya Watu wa China.

Zhou alizaliwa tarehe 5 Machi 1898 mjini Huai'an, katika jimbo la Jiangsu. Alisoma Tianjin na Japan, kisha akaishi Ulaya tangu 1920 hadi 1924, ambako alijiunga na harakati za Kikomunisti. Jamhuri ilipotangazwa mwaka 1949, alikabidhiwa uwaziri mkuu pamoja na wizara ya mambo ya nje.

Mwaka uliofuata, Vita vya Korea vilipozuka, Marekani ilipeleka manowari katika mlango bahari wa Taiwan. Majeshi ya nchi hizo mbili yalipokabiliana huko Korea, Marekani ikapiga marufuku biashara na China. Katika mkutano wa Bandung wa mwaka 1955, Zhou alitangaza kuwa nchi yake ilikuwa tayari kuzungumza na Marekani. Mabalozi walikutana kwa miaka mingi, lakini suala la Taiwan likawa kizingiti.

Ushindani huo ulifika pia Afrika Mashariki. Zhou aliitembelea Tanzania mwezi Juni 1965, na baada ya nchi za Magharibi kukataa kugharamia reli ya kuiunganisha Zambia na bahari, China ndiyo iliyojenga TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860.

Kilichofungua mlango hatimaye ni hofu ya mtu wa tatu. Mwezi Machi 1969, wanajeshi wa China na wa Umoja wa Kisovieti walipigana kwenye Mto Ussuri. China haikumudu kuwa na maadui wawili wakubwa, nayo Marekani, iliyokwama Vietnam, ilitaka kuibana Moscow. Kwa idhini ya Mao Zedong, Zhou aliwapokea wachezaji wa Marekani wa mpira wa meza tarehe 14 Aprili 1971. Siku hiyo hiyo Rais Richard Nixon akatangaza kulegeza vikwazo vya biashara. Mwezi Julai, Henry Kissinger aliingia Beijing kwa siri akitokea Pakistan, na Februari 1972 Nixon mwenyewe akawasili.

Katika Tamko la Shanghai, Zhou alishikilia kwamba tofauti zisifichwe: kila upande uliandika msimamo wake, kisha yakafuata waliyokubaliana. Mwaka huo huo China iliagiza ndege 10 aina ya Boeing 707, na nafaka ya Marekani ikaanza kuingia China.

Sifa zake hazikosi doa. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni aliwalinda baadhi ya viongozi, lakini pia aliidhinisha wengine wakamatwe.

Zhou alifariki dunia kwa saratani tarehe 8 Januari 1976, miaka mitatu kabla ya nchi hizo kuanzisha uhusiano kamili wa kibalozi. Biashara aliyoifungulia njia imekua mno; suala la Taiwan, lililoachwa bila ufumbuzi mwaka 1972, lingali mezani.